Rangi Mahususi katika Mchoro wa Matabaka

Rangi mahususi ni wino uliokwisha kuchanganywa kabla ya kufika mashineni, ukiwa koponi na rangi ile ile itakayoonekana kwenye karatasi au kitambaa. Njia nyingine ya kupata rangi ni ya wino aina nne, yaani sayani, majenta, manjano na nyeusi, unaochapwa kwa vitone vidogo vilivyokaribiana mpaka jicho livione kuwa rangi moja. Njia hiyo ya wino nne inafaa picha. Haifai chungwa kali. Majenta na manjano vikichapwa pamoja hutoa chungwa lililopoa, na mkazi wa Nairobi aliyezoea chungwa la chama cha ODM huitambua tofauti hiyo akiwa ng'ambo ya barabara. Kopo moja la wino wa chungwa hutoa ung'avu huo kwa pigo moja la skwiji, ubapa wa mpira unaosukuma wino.

Mukuru kwa Reuben, katika eneo bunge la Embakasi Kusini, imepakana na Industrial Area, na kazi ya uchapaji inayoanzia mtaani hufuata mojawapo ya njia mbili. Fulana za timu ya mpira, sare za chama cha akiba, fulana za matanga na mabango ya kitambaa ya kanisa huchapwa kwa mkono, kwa fremu ya mbao iliyotandwa wavu, yaani skrini. Lebo za bidhaa, maboksi na barua zenye nembo huenda kwenye mitambo ya ofseti ya viwandani, au hupelekwa katikati ya jiji, River Road na Kirinyaga Road. Kwa njia zote mbili faili hudaiwa kitu kimoja: iseme bila utata ni wino gani unakwenda wapi. Kazi nyingi huharibikia hapo, kabla kopo halijafunguliwa.

Tabaka na wino

Programu za kuchora hupanga mchoro kwa matabaka: maandishi juu, nembo katikati, usuli chini. Mpangilio huo ni wa kumsaidia mchoraji. Mashine ya kuchapia haiujui. Inachojua ni wino. Tabaka moja linaweza kubeba rangi tatu, na rangi moja inaweza kutawanyika katika matabaka kumi. Faili inapotolewa kwa kuchapwa, programu hukusanya kila kilichopakwa rangi yenye jina fulani, popote kilipo, na kukiweka kwenye filamu moja ya skrini au pleti moja ya ofseti. Fundi anayepokea filamu tano wakati mteja alilipia rangi tatu amepokea faili iliyopangwa kwa vitu, si kwa wino.

Kwa kazi ya rangi mahususi, basi, matabaka hupangwa kwa wino tangu mwanzo. Kila rangi hupewa tabaka lake, na jina la tabaka huwa ndilo jina la wino. Maandishi mekundu na ua jekundu hukaa pamoja hata kama kwa maana havihusiani. Mpangilio huu humsumbua mchoraji aliyezoea kusogeza nembo nzima kwa mkupuo mmoja, na dawa ya usumbufu huo ni kuweka faili mbili: moja ya kubuni, ambamo vitu viko huru, na moja ya kuchapa, ambamo kila kitu kimeshahamia kwenye tabaka la wino wake. Faili ya kuchapa haichorwi tena. Mabadiliko yakija, hurudiwa ya kwanza.

Mteja wa mtaani mara nyingi huleta nembo yake kwa WhatsApp, ikiwa picha iliyobanwa. Kwa jicho nembo hiyo ina rangi mbili. Kwa kompyuta ina mamia, kwa sababu kila ukingo umejaa vivuli vya kati. Haiwezi kutenganishwa kwa usafi. Hutumika kama kielelezo tu: huwekwa kwenye tabaka la chini kabisa lililofungwa, ikachorwa upya juu yake kwa mistari ya vekta, kisha tabaka hilo likafutwa. Saa moja ya kuchora upya huokoa siku nzima ya kusugua filamu yenye madoa.

Majina ya rangi yanahitaji nidhamu kuliko jambo lolote jingine katika faili. Programu hutofautisha wino kwa jina, herufi kwa herufi. Nembo iliyochorwa na mtu mmoja ikiwa na PANTONE 485 C, maandishi yaliyoongezwa na mwingine kwa PANTONE 485 U, na mstari ulioitwa “Nyekundu” tu, vitatoka kwenye pleti tatu ingawa kwenye kioo vyote ni vyekundu. Herufi C na U haziashirii wino tofauti: wino ni ule ule, ila C huonyesha unavyoonekana kwenye karatasi yenye mng'aro na U kwenye karatasi isiyo na mng'aro. Jina moja huchaguliwa, mengine yote huunganishwa nalo, na rangi zisizotumika hufutwa kwenye orodha. Orodha ya rangi ikibaki na majina sawasawa na idadi ya makopo, faili imekaribia kuwa tayari.

Kuhesabu rangi

Idadi ya rangi huamuliwa kabla ya kuchora, kwa kuwa ndiyo bei. Kwenye meza ya fulana kila rangi inadai fremu yake, emalshani yake (dawa ya wavu inayoganda kwa mwanga), filamu yake na pigo lake kwa kila fulana. Kwenye mashine ndogo ya ofseti ya rangi moja, kila rangi ni pleti moja na safari moja ya karatasi yote mashineni, na katikati yake rola huoshwa. Barua yenye rangi mbili mahususi hutumia pleti mbili. Ile ile ikitumwa kama rangi nne hutumia nne, na rangi ya nembo huenda ikabadilika kutoka rundo hadi rundo.

Njia tatu hupunguza hesabu bila kupunguza uzuri. Ya kwanza ni kuihesabu rangi ya kitambaa au karatasi kuwa mojawapo ya rangi za mchoro. Ya pili ni kutumia kivuli cha wino uliopo: nyekundu iliyochapwa kwa vitone vya asilimia 40 huonekana kama waridi, na fremu haiongezeki. Ya tatu hufaa ofseti, ambako wino hupenyeza nuru: manjano ikichapwa juu ya buluu huleta kijani, rangi ya tatu kwa pleti mbili. Kwenye fulana njia hii ya tatu haitegemeki, kwa sababu wino mwingi wa kitambaa umetengenezwa uwe mzito na kufunika.

Bendera kwenye fulana nyeusi

Bendera ya Kenya inafundisha vizuri suala hili, kwa kuwa kila msomaji wa hapa anaijua na kwa kuwa rangi zake ni chache na zilizokatika. Ina utepe mweusi, mwekundu na wa kijani, ukitenganishwa na mistari miwili myeupe, kwa uwiano wa 6:1:6:1:6, na katikati iko ngao yenye mikuki miwili. (Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, inaweka masharti juu ya matumizi yake; hapa bendera inatumika kama somo tu.)

Kwenye fulana nyeupe hesabu ni fremu tatu: nyeusi, nyekundu, kijani. Nyeupe ni kitambaa chenyewe. Kwenye fulana nyeusi hesabu inabaki tatu, lakini fremu zimebadilika kazi. Nyeusi sasa ni kitambaa, na nyeupe imekuwa wino. Tena nyeupe hiyo inafanya kazi mbili. Wino mwekundu au wa kijani ukipigwa moja kwa moja kwenye kitambaa cheusi huzama na kupoteza ung'avu, kwa hiyo chini yake hutangulizwa nyeupe. Tabaka jeupe katika faili, basi, halina mistari miwili myembamba peke yake. Linafunika pia eneo lote la utepe mwekundu na eneo lote la utepe wa kijani, na mistari myeupe ya bendera ni sehemu za nyeupe hiyo zilizoachwa wazi.

Matokeo yake ni kwamba tabaka jeupe ni umbo moja pana lenye matundu mahali palipo na weusi wa ngao. Mchoraji asiyelifahamu hilo huchora mistari miwili kwenye tabaka jeupe, kisha huongeza tabaka la nne kwa nyeupe ya chini. Kazi ya fremu tatu inageuka ya nne, na mistari myeupe sasa inapaswa kuangukia kwa usahihi kati ya vipande vingine vya nyeupe vilivyopigwa kabla.

Suala linalofuata ni ukingo wa nyeupe hiyo. Kanuni ya kawaida ni kuikondesha nyeupe ya chini, yaani kuingiza ukingo wake ndani kidogo kuliko rangi inayoifunika, kwa pointi nusu hadi pointi moja (pointi moja ni karibu milimita 0.35). Rangi ya juu ikihama kidogo, nyeupe haichungulii pembeni. Katika bendera kanuni hiyo haitumiki kote. Pale mwekundu unapopakana na mstari mweupe, nyeupe haikondeshwi hata kidogo, kwa kuwa inaendelea na kuwa mstari wenyewe. Hukondeshwa tu pale rangi inapoishia kwenye kitambaa kitupu: ncha za kushoto na kulia za utepe mwekundu, na ncha mbili za kijani pamoja na ukingo wake wa chini. Amri ya programu inayokondesha umbo zima kwa kubofya mara moja ingeukata pia ukingo wa juu wa mstari mweupe, unaopakana na weusi wa fulana bila rangi yoyote juu yake, na mstari huo ungetoka mwembamba kuliko mwenzake. Kwa hiyo nyeupe hukondeshwa kwa mkono, upande kwa upande.

Ukubwa nao una usemi wake. Bendera yenye kimo cha milimita 100 kifuani ina mistari myeupe ya milimita 5, na fundi akikosea nusu milimita hakuna atakayeona. Ikipunguzwa hadi milimita 20 juu ya mfuko, kila mstari unakuwa milimita 1. Hapo nusu milimita ile ile huufanya mstari mmoja kuwa milimita 1.5 na wa pili milimita 0.5, na bendera imeharibika. Kwa hiyo mchoro mmoja haupunguzwi tu kwa kuvuta pembe. Toleo dogo huchorwa upya, na ngao yake hurahisishwa.

Mpangilio wa matabaka hufuata mpangilio wa mapigo. Chini kabisa huwekwa tabaka la rangi ya fulana, lililofungwa lisichapwe, ili mchoraji aone kazi ilivyo. Juu yake nyeupe, ambayo ikishapigwa hukaushwa kwa hita kabla ya rangi kufuata. Kisha rangi, za mwanga kabla ya za giza. Juu ya yote huja tabaka la alama za rejista, misalaba midogo ya kulinganisha filamu, itakayotokea kwenye kila moja. Nyeupe yenyewe hupewa jina lake kama rangi mahususi, kwa mfano “Nyeupe ya chini”, na kwenye kioo hupakwa rangi yoyote inayoonekana, hata buluu. Nyeupe ya kawaida ya programu humaanisha karatasi tupu, na haitoi filamu yoyote.

Mahali rangi zinapokutana

Rangi mbili zinapogusana, faili lazima iamue moja kati ya mambo matatu: ya juu iitoboe ya chini, ichapwe juu yake, au zipishane ukingoni. Programu huamua yenyewe mchoraji asipoamua, na uamuzi wake wa kawaida ni kutoboa. Ua la manjano juu ya usuli wa buluu huacha tundu jeupe lenye umbo la ua kwenye filamu ya buluu, na manjano hupigwa ndani ya tundu hilo. Rangi hubaki safi, lakini kila kuhama kwa fremu huacha uwazi. Kanga nazo huchapwa kwa kila rangi kuwa na skrini yake, na uzi mweupe unaoonekana upande mmoja wa kila ua kwenye kanga ya bei nafuu ni tundu ambalo rangi haikulijaza.

Kupishana ndiyo tiba. Rangi nyepesi hunenepeshwa kidogo iingie chini ya ile nzito, kwa sababu jicho hulifuata umbo la rangi ya giza. Ukingo wa giza ukibaki ulivyo, umbo halibadiliki. Ua la manjano juu ya buluu hunenepeshwa lenyewe. Ua la buluu juu ya manjano huachwa lilivyo, na tundu lake kwenye manjano hukondeshwa. Kiasi hutegemea chombo. Mashine ya ofseti iliyotunzwa hutosheka na robo pointi. Meza ya mkono yenye bawaba zilizolegea huhitaji pointi moja, wakati mwingine zaidi, na fundi wa meza hiyo anajua kiasi chake kuliko kitabu chochote. Huulizwa kabla faili haijafungwa. Katika programu za vekta njia nyepesi ni kuongeza mstari wa pembeni wenye rangi ile ile na kuuamuru uchapwe juu. Nusu ya unene wa mstari huangukia nje ya umbo, kwa hiyo mstari wa pointi mbili hutoa mpishano wa pointi moja.

Kuchapa juu kunafaa nyeusi. Maandishi madogo meusi juu ya rangi yoyote hayatobolewi. Hupigwa juu, na suala la rejista linakwisha papo hapo. Mistari minene ya nyeusi inayozunguka maumbo, kama ile ya katuni, husaidia vivyo hivyo, kwa kuwa chini yake rangi mbili zinaweza kupishana kwa milimita nzima bila kuonekana. Mchoraji anayejua kwamba kazi itapigwa kwenye meza ya mkono hubuni kwa kuzingatia hilo: huweka mstari mweusi kati ya rangi, au huacha nafasi ya kitambaa kati yake, na hupata kazi safi bila kudai usahihi ambao meza haina.

Hatari kubwa ya kuchapa juu iko kwenye nyeupe. Maandishi meupe yaliyonakiliwa kutoka maandishi meusi hubeba pia amri ya kuchapwa juu. Karatasi tupu ikichapwa juu ya nyekundu haibadilishi kitu, na maandishi hupotea. Kwenye kioo yalionekana vizuri muda wote. Nambari za simu za biashara zimepotea namna hii kwenye rundo zima la vipeperushi. Kabla ya faili kutoka, kila kitu cheupe hubofywa na amri hiyo huondolewa.

Vivuli na rangi hafifu

Mabadiliko ya polepole kutoka rangi hadi rangi, vivuli laini na uwazi wa nusu huonekana bure kwenye kompyuta na ghali mezani. Wino mahususi hauwezi kufifia. Unaweza tu kukatwa vitone. Vitone hivyo vinahitaji wavu unaoweza kuvishika. Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita, unaofaa nyeupe nzito ya chini, humeza vitone vidogo. Wavu wa nyuzi 90 kwa sentimita huvishika, ikiwa mistari ya vitone ni kama 45 kwa inchi. Kipimo kinachokubalika ni nyuzi za wavu kuwa mara nne hadi tano ya mistari ya vitone, zote zikipimwa kwa inchi.

Vivuli vya programu vina tatizo jingine. Kivuli cha kawaida chini ya maandishi hutengenezwa kwa rangi za kioo au kwa nyeusi ya mchanganyiko wa nne, kwa hiyo faili ya rangi mbili hupata ghafla wino nne za ziada. Baadhi ya namna za kuchanganya matabaka pia hazifanyi kazi na rangi mahususi, na programu huzigeuza rangi hizo kuwa za mchanganyiko bila kumwuliza mtu. Kivuli kinachotakiwa kweli huchorwa kama umbo lake lenyewe, likapakwa asilimia ya wino uliopo. Mara nyingi umbo gumu lisilo na vitone hupendeza zaidi kwenye kitambaa.

Programu na uwezo wake

CorelDRAW na Illustrator hujua rangi mahususi na zinaweza kuonyesha au kutoa kila wino peke yake. Scribus, ambayo ni ya bure, inazijua pia na hutoa PDF yenye pleti zilizotengana. Photoshop huziweka kwenye chaneli badala ya matabaka: chaneli ya rangi mahususi hukaa juu ya picha nzima, na mpangilio wa matabaka hauigusi. Kwa hiyo tundu lake kwenye rangi nyingine hukatwa kwa mkono.

GIMP na Inkscape hutumika sana kwa kuwa hazilipiwi, lakini hazikujengwa kwa ajili ya pleti za rangi mahususi. Kwa fulana hilo si kizuizi. Tabaka lenyewe hufanywa filamu: kila tabaka hubeba wino mmoja, hupakwa jeusi kamili, na hutolewa peke yake mengine yakiwa yamefichwa. Sharti ni kutoa ukurasa wote kwa ukubwa ule ule kila mara. Inkscape ikiamriwa kutoa vitu vilivyochaguliwa tu, hukata nafasi tupu ya pembeni, na filamu tatu hutoka kwa vipimo vitatu. Hata misalaba ya rejista haitasaidia ikiwa haimo kwenye kila tabaka.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Adobe iliondoa sehemu kubwa ya vitabu vya rangi vya Pantone kwenye programu zake, na baadhi ya faili za zamani za Photoshop zilifunguka zikiwa na weusi mahali pa rangi. Kwa fundi wa uchapaji hasara ilikuwa ndogo kuliko ilivyoonekana. Pleti haibebi rangi, hubeba umbo. Namba ikiandikwa sahihi kwenye jina la rangi, umbo hutoka sawasawa hata kama kioo kinaonyesha rangi ya kukisia, na wino huchanganywa kwa namba hiyo.

Kutoa filamu

Kila filamu hutoka nyeusi, iwe ya nyekundu au ya manjano, kwa sababu kazi yake ni kuzuia mwanga usiifikie emalshani. Weusi wa kijivu huruhusu mwanga upenye na skrini huziba. Jina la wino, jina la kazi na mshale wa kuonyesha juu huandikwa nje ya mchoro kwenye kila filamu. Mezani filamu mbili nyeusi hufanana kabisa. Filamu ya skrini husomeka kawaida upande wenye wino ukiwa juu. Haihitaji kugeuzwa kama kwenye kioo.

Badala ya filamu halisi mafundi wengi hutumia karatasi ya kunakilia inayopenyeza mwanga, ikachapwa kwa printa ya leza. Karatasi hiyo hufaa kwa rangi moja. Kwa rangi tatu huleta shida, kwa kuwa joto la printa huondoa unyevu ndani yake na karatasi hujikunja na kupungua. Filamu ya kwanza ikitolewa asubuhi na ya tatu jioni, misalaba haitakutana. Karatasi tupu hupitishwa kwanza kwenye printa mara moja ili zipungue, kisha filamu zote hutolewa kwa mfululizo, kutoka pakiti moja, zikielekea upande mmoja. Zikitoka, hupangwa moja juu ya nyingine dhidi ya dirisha. Misalaba ikikutana pembe zote nne, kazi iendelee. Ikikutana pembe mbili tu, zitolewe upya. Kioo cha kompyuta hakiwezi kuonyesha hitilafu hii. Ni macho na dirisha tu.

Misalaba hupakwa rangi ya rejista, ambayo programu huiweka kwenye kila pleti kwa mkupuo. Rangi hiyo hufanana na nyeusi kwenye kioo, na ikitumiwa kwa maandishi kwa bahati mbaya, maandishi hayo huchapwa kwa kila wino uliopo. Hubaki kwenye misalaba tu.

Faili ya kiwandani

Mtambo wa ofseti hupokea PDF. Kiwango cha PDF/X-1a hulazimisha uwazi wote wa matabaka usuluhishwe kabla ya faili kutoka. PDF/X-4 huuacha uwazi ulivyo na kuuachia mtambo wa kiwanda. Vyote viwili hubeba rangi mahususi. Kiwanda huulizwa kinataka kipi. Mchoro huongezewa milimita 3 nje ya mstari wa kukata kila upande, na kwenye karatasi ya maelezo huandikwa wazi idadi ya pleti na majina yake, pamoja na onyo kwamba rangi mahususi zisigeuzwe kuwa za mchanganyiko. Maneno hayo yasipoandikwa, mfanyakazi mwenye haraka anaweza kuzigeuza kwa kubofya kidude kimoja.

Maboksi na lebo huwa na matabaka yasiyo ya wino kabisa: mstari wa kisu, mstari wa kukunja, eneo la vanishi. Haya nayo hufanywa rangi mahususi, kila moja na jina lake, “Kisu”, “Mkunjo”, “Vanishi”, kwa kuwa ndiyo njia ya kuyapa pleti yake. Yote huamriwa kuchapwa juu. Mstari wa kisu uliotoboa picha huacha uzi mweupe kuzunguka boksi, na kisu kikihama kidogo uzi huo huonekana. Eneo la gundi huachwa bila wino na bila vanishi, la sivyo boksi hufunguka likiwa dukani.

Faili hukaguliwa kwa kufungua PDF yenyewe na kuwasha wino mmoja baada ya mwingine. Pasipo na programu ya kufanya hivyo, kila wino huchapwa kwenye karatasi ya kawaida kwa nyeusi, na rundo hilo hupelekwa pamoja na faili. Fundi hulielewa mara moja.

Wino wenyewe

Mfumo wa Pantone, ulioanza mwaka 1963, hutoa namba pamoja na fomula: kila rangi huandikwa kwa sehemu za wino wa msingi. Sehemu hizo hupimwa kwa uzito, kwa mizani ndogo ya gramu, si kwa kijiko. Wino wa kitambaa huwa na fomula zake kutoka kwa mtengenezaji, na kwa hiyo fomula ya ofseti hainakiliwi mezani. Kitabu cha vielelezo chenyewe hufifia kikikaa kwenye jua, na kitabu cha zamani humkosesha mteja na fundi kwa pamoja.

Rangi iliyochanganywa hupigwa kwanza kwenye kipande cha kitambaa kile kile, juu ya nyeupe ile ile ya chini, na hukaushwa kabisa kabla ya kuamuliwa, maana wino wa maji hubadilika ukikauka. Hutazamwa nje, kivulini, mchana. Chumba cha mabati chenye balbu ya manjano huifanya manjano ionekane nyeupe na buluu ionekane kijivu, na rangi iliyokubaliwa humo usiku hukataliwa asubuhi. Mteja akiridhika, hutia sahihi kwenye kipande hicho.

Timu hurudi msimu ujao kutaka fulana kumi za wachezaji wapya, na wanataka chungwa lile lile. Kwa hiyo pamoja na faili ya kuchapa huhifadhiwa kipande kilichotiwa sahihi, uzito wa kila wino uliotumika, jina la mtengenezaji wake, idadi ya nyuzi za wavu, mpangilio wa mapigo, rangi na aina ya fulana, na kiasi cha mpishano kilichokubaliana na meza hiyo. Maelezo hayo huandikwa pia ndani ya faili, kwenye tabaka lisilochapwa, kwa sababu karatasi iliyobandikwa ukutani hupotea fundi anapohamisha karakana.